Nyumba ya Nje ya Lango

Meza yangu ya jikoni ilikuwa ndogo, ya watu wawili wakibanana, na msimu mmoja mzima wa baridi ngome ya Warumi ilikaa juu yake. Mie nilikuwa nikila sahani nimeipakata. Nikitaka kuweka kikombe cha chai lazima nitafute pa kupenyeza mkono nisije nikaangusha mnara, maana mwenye kazi yake hakuwa na mzaha. Angenitazama kama nimemvunja mtu mguu.

Mwenye kazi alikuwa mume wangu. Naliandika neno hili hapa juu, kabla ya habari za kuta na mahandaki, kwa sababu sikupata kulisema mbele za watu hata siku moja alipokuwa hai. Alikuwa mume wangu wa halali, kwa walii na mashahidi wawili, na mahari yangu nilipewa mkononi.

Kwetu Unguja alikuwa mchoraji wa ramani za majengo katika ofisi ya serikali. Baada ya Mapinduzi akatoka, namna walivyotoka wengi, kwa kujificha na kwa kudra ya Mungu, akafika London na begi moja. Mkewe na watoto wake wadogo walibaki, na ruhusa ya kutoka ikawa haipatikani. Mwaka ukaisha, na mwingine ukaisha, barua zinakuja zimeshafunguliwa. Hapa mjini akapata kazi kwenye karakana iliyokuwa ikitengeneza mifano ya majengo ya kale kwa ajili ya makumbusho na maskuli: mahekalu, madaraja, majumba ya wafalme, vyote vidogo vya kutiwa ndani ya sanduku la kioo. Alikuwa na mkono mwepesi na jicho kali, na wale Waingereza wakampenda.

Mie nilikuja na kaka yangu. Tulipanga Kingsbury, juu ya duka la Wahindi waliotoka Nairobi, nikawa nashona. Gari ilikuwa ikileta nguo zilizokatwa tayari, mie naziunga, gari inarudi kuzichukua. Wakati wa ziada niliwashonea watu wetu magauni ya harusi. Yeye alikuja siku moja kupunguziwa koti, koti la mtumba lililomfika visiginoni. Nikalipunguza. Akarudi na suruali isiyokuwa na tatizo lolote. Wiki iliyofuata akaja na shati. Kaka yangu alicheka, akaniambia huyu bwana atakwisha nguo.

Kaka alinioza kabla hajahamia Ghuba. Tulifunga ndoa kwenye sebule ya sheikh mmoja, tukanywa sharubati, tukaondoka kila mtu kwa saa yake. Ndoa ilikuwa na sharti moja. Tusiitangaze mpaka mke mkubwa apate ruhusa, afike, na asikie kutoka kinywani mwa mumewe. Haifai, alisema, mtu amefungiwa kule, kisha apate habari ya mke mwenza kwa barua iliyokwishasomwa na wengine. Nikaona ana haki. Nikampenda zaidi kwa hilo, mjinga mie.

Basi nililokuwa nikilitaka duniani lilikuwa jambo moja tu. Nilitaka siku moja aniingize kwenye nyumba iliyojaa watu wetu, aseme: huyu ni mke wangu. Nyumba sikutaka, dhahabu sikutaka, zamu sawasawa ya siku sikuidai ingawa ilikuwa haki yangu. Nilitaka kutajwa.

Mke mkubwa alifika baada ya miaka mingi, ruhusa zilipolegea. Wakapata nyumba Hounslow, ndege zinapita juu ya paa. Wanawake wetu wakakutana wakaulizana nani atampeleka mgeni madukani, na wote wakanitaja mie, ati kwa kuwa sina mume wala mtoto wa kunishughulisha. Walisema hivyo mbele ya uso wangu. Nikasema nitampeleka.

Nilimchagulia koti. Nikamfundisha kupanda basi: kusoma namba ikiwa bado mbali, kunyoosha mkono mapema, kumwambia kondakta anakoshukia, kukaa upande wa dirisha ahesabu vituo kwa alama anazozijua mwenyewe, hapa kanisa, hapa duka la viatu. Alinishika mkono kwa nguvu kwenye ngazi za umeme stesheni, mwanamke mzima, mkubwa kwangu, anacheka na kujicheka. Akaniita shoga. Laiti angekuwa mwovu, ningepata usingizi. Alikuwa mcheshi, mkarimu, hasemi na mtu ila amemwekea mkono begani. Nilikula kwake. Nilimshonea mapazia. Nilimpenda, na kila nilipompenda roho iliniuma upya.

Nikamwambia mume wangu: ameshafika, sema. Akasema ngoja atulie. Ametulia, sema. Ngoja watoto wazoee skuli. Wamezoea, tena wamezoea mpaka ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza, sema basi. Ngoja.

Kwangu alikuwa akija Jumamosi. Hounslow aliaga kuwa anakwenda kazini, na uongo wake ulikuwa nusu kweli, kwa sababu kazi alikuja nayo. Alikuja na visu vyake, gundi, plasta, na ramani zimekunjwa ndani ya mwamvuli. Nami nilikuwa na cherehani yangu dirishani, yeye mezani, na mtu angetuona siku hizo angesema hawa ni mke na mume waliochokana kidogo, na wallahi hakuna sifa ambayo ningeipenda zaidi.

Ngome ile iliagizwa na jumba moja la makumbusho huko kaskazini, kwenye mpaka wa zamani ambako Warumi walijenga ukuta ukakata nchi kutoka bahari hadi bahari. Mie sikujua kuwa Warumi walifika huku. Nilidhani ni watu wa jua. Akaniambia wengi wao hata Roma hawakuiona. Waliokotwa katika kila nchi iliyotawaliwa, wakaletwa kulinda mpaka wa watu wengine. Walikuwamo na watu wa Shamu, wapiga mishale. Nikawaonea huruma. Hita yangu ya mafuta ilikuwa ikinichoma mguu mmoja na wa pili umeganda, nikamuwaza mtu wa Shamu na upinde wake juu ya ukuta, mvua ya hapa inamwingia shingoni.

Kwanza aliweka umbo. Ngome ya mpakani ni ya mstatili, lakini pembe zake zimeviringwa kama za karata. Nje kabisa kuna handaki, kingo zake zimekatwa kwa mteremko mkali, anayeteleza humo hatoki kwa urahisi. Kisha ukuta wa mawe, na kwa ndani tuta la udongo la kuushikilia. Kila pembe mnara. Kila upande lango, na lango lenyewe limesimama kati ya minara miwili. Mawe ya ukuta aliyachora moja moja juu ya plasta kwa sindano yangu ya kudarizi, na sindano ile sikuiona tena.

Kutoka lango la mbele njia inakwenda moja kwa moja mpaka inakutana na nyingine, inayokatiza kutoka lango la kulia hadi la kushoto. Hapo zinapokutana ndipo ilipo nyumba ya amri. Mbele ina uwanja wenye nguzo, halafu ukumbi mkubwa, halafu safu ya vyumba vya makarani, na katikati ya vyumba hivyo kimoja cha kuwekea bendera na alama za kikosi, na chini yake shimo la kuhifadhia mishahara. Bendera zile zililindwa usiku na mchana. Nikamuuliza, walisimama kwenye baridi wakilinda kitambaa? Akasema ndiyo, hiyo ilikuwa heshima yao. Nikamwambia kumbe kuna watu wanajua kulinda heshima. Akajifanya anatafuta gundi.

Ubavuni mwa nyumba ya amri zilikuwapo ghala mbili za nafaka, na hizo alizipenda kuliko majengo yote. Kuta nene zenye mihimili ya kuzikaza kwa nje, sakafu imeinuliwa juu ya viguzo vifupi, na chini yake matundu ya kupitisha upepo ili ngano isipate unyevu. Nikamwambia hata chumba changu kinataka sakafu ya namna hiyo, ukuta wa nyuma ya kitanda ulikuwa ukitoa ukungu mweusi. Alicheka, akapiga magoti jikoni anionyeshe matundu kwa ncha ya penseli. Nilimwona kichwa chake kwa juu, nywele zimeanza kupungua, nikataka kuweka mkono pale. Nikauweka.

Upande wa pili aliweka nyumba ya mkuu wa ngome, yenye ua katikati na vyumba kuuzunguka. Aliijenga polepole kuliko zote. Vyumba vinautazama ua, madirisha ya njiani machache na ya juu. Ilikuwa nyumba ya kwao Mji Mkongwe, hasa ile, ilibaki kuweka kisima na mwanamke anapepeta mchele. Alisema humu alikaa mkuu na mkewe, watoto na watumishi wao. Alisema hivyo bila kufikiri, kama mtu anayesoma ramani.

Kisha yakaja mabweni, marefu, yamepangwa sambamba mbele na nyuma ya ngome. Kila bweni limegawiwa vyumba viwili viwili, cha mbele cha silaha na cha nyuma cha kulala, na humo wamebanwa askari wanane. Mwisho wa bweni, karibu na ukuta, afisa wao ana vyumba vyake vipana peke yake. Mabweni hayo hakuhitaji kuyatazama vitabuni. Alipofika London alilala hivyo hivyo, kitanda hakipoi, huyu akiamka kwenda kazini mwenzake anaingia. Matanuri ya mikate yakawekwa kwenye tuta nyuma ya ukuta, mbali na majengo, kwa kuogopa moto. Choo kikawekwa pembe ya chini kabisa ili maji yateremke yenyewe. Hamamu likawekwa nje ya ukuta.

Jumamosi moja ngome ikakamilika. Nikaizunguka meza, nikaitazama kwa kila upande. Ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Nikamuuliza wanawake wako wapi.

"Mke wa mkuu yumo, nyumba ile," akasema.

"Na wa hawa wengine?"

Akapuliza vumbi kwenye kisu. Akanieleza kuwa askari wa kawaida alikuwa haruhusiwi na sheria kuoa maadamu yumo katika utumishi. Wakaoa hivyo hivyo, kwa namna yao, wakazaa. Wake zao walikaa nje ya lango, kwenye nyumba zilizopangana kandokando ya njia, pamoja na wahunzi na wenye maduka. Wakuu wakijua, na wakijifanya hawajui. Askari akimaliza miaka yake ya utumishi ndipo serikali inamtambulia mkewe.

"Na wewe unamaliza lini?" nikamuuliza.

Nikaenda kuosha vyombo vilivyokwishaoshwa. Nililia nimempa mgongo, naye alijua nalia, na kisu chake kikaendelea kukwaruza plasta. Siku ile nilimchukia. Naisema kweli: nilimchukia Jumamosi nyingi, kuanzia pale anapotia mkono kwenye koti lake kuondoka mpaka Jumamosi nyingine nikisikia miguu yake ngazini.

Wiki zilizofuata akajenga kijiji cha nje ya lango. Nyumba nyembamba, ubavu kwa ubavu, uso wake njiani. Na kila nyumba, chini ya ukuta wa mbele, akaiwekea baraza. Hakukusudia, mkono wake ulikwenda wenyewe. Nami sikuona kosa. Nyumba inaelekea njia, mtu atakaa wapi na jirani yake jioni? Tulizitazama sote wawili tukaona zimependeza, tena mie nikasema baraza ya ile ya tatu ni fupi, hawaenei watu, akairefusha.

Alipoipeleka ngome karakana, mtaalamu wa makumbusho alikuja kuikagua. Akasifu handaki, akasifu ghala. Alipofika kijijini akauliza haya matuta ya mawe mbele ya milango ni kitu gani. Mume wangu akamweleza, pa kukaa watu. Yule bwana akacheka, bila ubaya, akamwambia huku, kwenye mvua na theluji, nani angekaa nje ya nyumba yake kupiga soga? Tena hakuna aliyewahi kuchimba akakuta kitu kama hicho. Ikabidi zikwanguliwe zote.

Alinisimulia anajicheka, lakini chai yake hakuimaliza. Nyumba moja hakuikwangua. Aliing'oa nzima kutoka kwenye ubao, akajenga nyingine isiyo na baraza mahali pake, na ile akanijia nayo mfukoni imefungwa kwenye leso. Ilikuwa na urefu wa kidole, paa jekundu, mlango mmoja, na baraza yake.

"Hii yako," akaniambia.

Nikaishika. Nikamuuliza, "Ya nje ya lango?"

Akaikunja leso, akasema, "Nitatangaza. Baada ya Ramadhani."

Hakusema Ramadhani ipi. Zilipita nyingi.

Alikufa siku ya kazi, njiani, moyo. Mie nilipata habari kwa simu, kutoka kwa mwanamke mmoja wa jumuiya yetu aliyekuwa akiwapigia watu wote. Alinitajia jina lake kama anavyotajiwa mtu baki. Akaniambia maziko ni kesho baada ya adhuhuri, akaniomba niwaarifu wengine ambao yeye hana namba zao. Nikawaarifu. Nilikaa sakafuni na simu mapajani, nikawapigia mmoja baada ya mmoja, nikawaambia fulani ametutoka, na sauti yangu ilikuwa imenyooka. Kila mmoja alisoma inna lillahi, akasema masikini mkewe. Nami nikaitikia, masikini mkewe.



Sasa shida yangu ilikuwa hii. Mjane wa kwetu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki nyumbani ila kwa dharura, hajifukizi udi, hatii wanja wala hina, havai cha kung'ara. Nikienda msibani Hounslow nitakaa na wanawake, nitasoma, nitalia kwa kiasi anachoruhusiwa rafiki, nitasaidia kupakua wali. Watu wataniona. Lakini nitakuwa nimevunja eda yangu, nimejikana kwa miguu yangu mwenyewe. Na nikikaa ndani nitakuwa mjane wake kweli, kama Mungu anavyojua, ila hakuna binadamu atakayejua. Kutajwa ndiko nilikokutaka miaka yote, na sasa kila mlango niliousukuma ulikuwa unanifuta. Nilimkasirikia maiti, Mungu anisamehe. Nilimwambia kwa sauti, jikoni, umekwenda zako na neno langu mdomoni mwako.

Nikakaa eda. Nilijishonea gauni jeupe lisilo pambo. Kazi ya kiwanda niliendelea nayo, gari inaleta, gari inachukua.

Aliyenipa mkono wa pole alikuwa mmoja tu, mama wa Kihindi wa dukani chini. Miaka yote hiyo, Jumamosi akimfungulia mume wangu mlango wa pembeni, alikuwa akiniita ngazini kuwa bwana yako amekuja. Hakuuliza chochote, na katika London nzima hakuna mwingine aliyemwita bwana yangu. Alipopanda akaniona na nyeupe hakuhitaji kuambiwa. Kwao nako mjane huvaa nyeupe. Alikaa chini sakafuni nilipokaa mie, akasema pole mama, pole sana, kwa Kiswahili chake cha Nairobi, akalia. Tangu siku ile akawa ananipandishia maziwa, mkate wa boflo, tungule na mbatata za mchuzi, na akiona nimechelewa kufungua pazia anagonga bomba la maji kutoka chini kujua kama nimeamka.

Watu wetu walinisema. Yule mwanamke ana kiburi. Marehemu ni mume wa shoga yake, amekula kwao mpaka kashiba, hata kumpa mkono kashindwa. Wenye magauni ya harusi wakaacha kupiga simu. Mmoja alinipigia simu kunieleza ninavyosemwa, kwa wema wake. Nikamwambia naumwa. Unaumwa nini muda wote huo? Nikasema mgongo.

Eda ilipokwisha niliamka nikaoga. Kwetu mjane hatoki eda peke yake. Huja wanawake wakamwogesha, wakamvisha nguo mpya, wakamfukiza, akarudi duniani kwa mikono ya wenzake. Mie nilijimwagia maji mwenyewe, nikakaa kitandani sijui nivae nini, na mwisho nikavaa lile lile gauni jeupe.

Siku ya pili yake mama wa dukani akaita kuwa nina mgeni. Alikuwa mke mkubwa. Alikuja peke yake, kavaa koti lile lile tulilochagua pamoja, kikapu mkononi, anahema kwa ngazi. Akaniambia amekuja kwa basi, amebadilisha mwenyewe, hakumuuliza mtu. Nikamkaribisha kiti. Hakukaa. Alinitazama gauni, kutoka shingoni hadi chini.

"Umekaa eda," akasema.

Sikuwa na uongo wowote uliobaki. Nikasema, "Nimekaa."

Ndipo akakaa. Akanieleza taratibu, anautazama mkeka. Siku ya kwanza ya msiba alikuwa akitazama mlango, ananingojea mie. Walikuja wote, hata waliogombana naye, hata waliokuwa mbali wakapanda treni. Ila mie. Na yeye ananijua; anajua kiburi sina, na mgongo wangu anaujua kuwa mzima. Akajiuliza ni kitu gani kinamzuia mtu wa kwetu kufika kwenye msiba wa shoga yake, akaona ni kimoja tu, naye awe na msiba wake ndani, hawezi kutoka. Siku ya tatu, wakati wa hitima, watu wanasoma, alikuwa ameshaelewa Jumamosi zote zilikuwa za wapi. Akaendelea kuitikia dua.

Mie niliyedhani nimejificha, kumbe nilikuwa nimejitangaza, kwa mtu mmoja.

Nikangoja anitukane. Alifunua kikapu. Mlikuwamo gauni jipya la rangi ya zambarau, chetezo, na udi umefungwa kwenye karatasi.

"Kaka yako yuko mbali," akasema. "Nani atakutoa?"

Akanipeleka chooni, akanimwagia maji upya kwa mikono yake, jana yake tu naye alikuwa amemwagiwa. Akawasha mkaa juu ya jiko langu. Akanisimamisha juu ya chetezo, akashika pindo la gauni jipya ili moshi uingie. Nililia kama sijalia miezi ile yote. Naye alilia, pindo bado kalishika. Sijui kila mmoja wetu alikuwa akimlilia nani.

Tulipotulia akaiona ile nyumba ndogo dirishani, akaichukua, akauliza ni nini. Nikamweleza. Nilimchorea kwa kidole juu ya meza ile ile: handaki hapa, ukuta, malango, nyumba ya amri njia zinapokutana, ghala na matundu yake ya upepo, mabweni, tanuri, nyumba ya mkuu yenye ua, kisha nje kabisa ya lango kijiji, na hizo baraza zilizokataliwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa amewahi kusikia hata neno moja. Kwake mume wetu alikuwa akisema kazini, basi.

"Miaka yote namfulia mashati yana unga mweupe," akasema. "Nilidhani anapaka kuta chokaa."

Akaweka kidole juu ya meza, pale nilipokuwa nimechora ua wa nyumba ya mkuu, akakisogeza, akakirudisha.

"Basi mie nilikuwa wapi?"

Nikaichukua ile nyumba ndogo, nikairudisha dirishani.

Alipokuwa anavaa koti aliniwekea mkono begani. Nilijua kuna jambo linakuja.

"Nakuomba kitu, mwenzangu," akasema. "Watoto walikuwa na baba mmoja, wamemzika. Usiwape mwingine."

Mwenzangu. Mke mwenza humwita mwenziwe hivyo. Nilikuwa nimelingoja neno hilo ujana wangu wote, na likaja na kufuli juu yake. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumwambia kuwa hata mke wa askari wa Kirumi, serikali ilimtambua mwishoni. Lakini udi wake ulikuwa bado umo nguoni mwangu, na mikono yake imetoka kuniogesha. Nikasema sawa. Nikamsindikiza hadi kituo cha basi, tukasimama pamoja, na basi lilipotokea yeye ndiye aliyeisoma namba kwanza, akanyoosha mkono.

Hatukukutana tena isipokuwa kwenye harusi za watu. Tuliamkiana vizuri. Ahadi ile sikuivunja, ndiyo maana humu sikutaja jina la mtu, na mambo mengine nimeyageuza ili mlango wao usijulikane. Nyumba yangu ndogo bado iko dirishani, baraza imemeguka pembe moja.

Mwenzangu alikufa miaka michache iliyopita, Hounslow, nyumba ile ile. Msiba wake nilikwenda. Safari hii sikuwa na eda ya kunizuia. Nilikaa karibu na mlango, nikasoma, nikalia kwa kiasi cha rafiki. Binti yake mkubwa, ambaye naye ni mama mtu mzima sasa na ana vidole virefu vya baba yake, alikuja kunimiminia chai. Akakaa kidogo kwa heshima, akaniuliza kwa Kiingereza, anti, wewe ulimjuaje mama?

Nikamwambia nilimfundisha kupanda basi.